Daftari la Fundi Saa

3 Februari

Mdogo wangu Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote hatujambo isipokuwa cherehani, ambayo ndiyo inayotulisha na ndiyo inayougua kila shule zikifunguliwa. Nimeshona sare hadi nikifumba macho naona sketi za buluu. Binti yangu anarefuka kama aliyepaliliwa. Nikimaliza pindo, yeye keshalipita. Shemeji yako mgongo unamsumbua, ila ukimpa kiti na redio anapona. Baba ni mzima, kwa maneno yake mwenyewe.

Nawe vipi huko milimani? Bado mnakula maharage siku saba kwa wiki? Mwaka wa nne huu hujakanyaga nyumbani. Sikulaumu, nahesabu tu.

Sasa nikueleze kilichoniketisha kuandika. Jumamosi nilikwenda kwa Baba kama kawaida. Alikuwa bafuni, nami nilitaka mkasi, nikafungua droo ya meza yake ya kazi. Chini ya mikanda ya saa nikakuta daftari la shule. Nikadhani ni orodha ya saa za wateja. Mdogo wangu, ni mashairi! Baba yetu, yule yule ambaye uliposema unakwenda chuo kusomea ushairi alikuuliza kama ushairi unaweza kukaza skrubu.

Yanahusu mambo ya nyumbani tu: kamba ya nguo, birika, ngazi. Lakini sikiliza. Nusu ya kwanza ya daftari ni mwandiko wake, ule unaolala upande kama mtu aliyechoka. Nusu ya pili ni mwandiko mwingine. Umesimama wima, safi, kila nukta mahali pake. Nao naujua ni wa nani. Ng'ambo ya barabara amehamia mjane mmoja, karani mstaafu wa mahakama. Kila nikija namkuta akitoka au namsikia akija. Anajua vikombe vinakaa wapi. Mimi mwenyewe siku hizi sijui vinakaa wapi, vimehamishwa.

Nimekunakilia mawili. La kwanza ni la mwandiko wa Baba:

Naona nguo kambani,
jua jekundu batini,
na kivuli uwanjani
chatambaa kama paka.

La pili ni la ule mwandiko mwingine:

Birika lanung'unika,
vikombe vyatikisika,
sandali zimeshafika,
mlango haujagongwa.

Sandali za nani hizo zinazofika bila kubisha hodi? Wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Chambua, uniambie mwanamke huyu anataka nini.

Dada yako


24 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ilikaa wiki nzima ofisini kwa sababu mhazini anayekwenda posta alikuwa na harusi ya mdogo wake. Nimeipokea nikiwa katikati ya madaftari mia na sitini ya kusahihisha. Ni mzima. Baridi ni kali, simu ya ofisi imekufa tangu mvua za mwaka jana, na maharage ni siku sita; Jumapili ni kabichi. Mwambie Shemeji pole ya mgongo, na msalimie binti.

Nianze kwa kukukemea kidogo. Kuchukua daftari la mtu kwenye droo na kulichambua ni sawa na kuingia chumbani mwake kwa dirisha. Lakini umekwisha kunifungulia dirisha, nami nimechungulia.

Shairi la kwanza ni zuri kuliko nilivyotarajia, na nakiri liliniuma kidogo. Kuna rangi, kuna mwanga, kuna kivuli kinachotembea. Toni yake ni ya mtu aliyetulia anayetazama uwanja wake. La pili limebanwa zaidi. Ukiuliza mambo yamekaaje humo ndani, nitasema kuna mtu anayesubiri. Anasikia sandali kabla ya mlango kugongwa, maana yake anazijua. Zaidi ya hapo siwezi kusema kwa mistari minane.

Nina swali moja. Huo mwandiko wa pili, una hakika si wako?

Usinielewe vibaya. Nauliza tu.

Mdogo wako


15 Machi

Mwalimu,

Hatujambo. Cherehani imepona. Binti amefaulu hesabu na sijui karithi kwa nani.

Ati mwandiko ni wangu! Niandike mashairi mimi, niyafiche kwenye droo ya Baba, kisha niyaibe? Wanafunzi wako wakikujibu hivyo huwapa alama ngapi? Nimelisoma swali lako mara tatu na bado sijui limetoka wapi. Mtu hawashwi bila upele. Kuna kitu unajua au kuna kitu unanishuku, nami sijakufanyia lolote.

Haya, tuliache. Mambo huku yameiva.

Kwanza, Baba amefunga kibanda cha saa. Miaka thelathini na minane, halafu siku moja tu anasema, "Nimechoka." Zile kazi zilizobaki amempa fundi wa jirani. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Sasa nimekuambia."

Pili, Jumanne nilikutana naye mbele ya duka la dawa, ameshikana mkono na Karani mchana kweupe. Nilikuwa umbali wa hatua tano. Alinitazama usoni, akapita! Nikaita, "Baba!" Akashtuka kama mwizi. "Aa, ni wewe," akasema. Karani akaangalia chini. Mtu mwenye moyo safi hampiti mwanawe kama nguzo ya umeme.

Tatu, Jumamosi niliingia ghafla, nikawakuta mezani na bahasha ya kaki. Karani alikuwa akisoma karatasi kwa sauti ya chini. Aliponiona aliisukuma bahasha chini ya kitambaa cha meza. Bahasha ya kaki, mdogo wangu. Hati ya nyumba inakaa kwenye bahasha ya kaki.

Na nne, ndiyo haya. Soma:

Vidole vyangu ni wezi,
vyapapasa ngazi, ngazi,
vyahesabu matelezi
ya nyumba niliyojenga.

Wezi. Nyumba. Nani anahesabu nyumba ya nani? Halafu lipo hili, nililisoma nikaona haya kama nimefungua mlango wa bafu:

Sauti yako ni taa
kwenye giza la mtaa,
ikizimwa nashangaa,
nipe bega nikishuka.

Mama hajatimiza miaka minne kaburini. Chambua haraka, maana nikichelewa tutakuta kufuli jipya mlangoni, na ufunguo hatuna.

Dada


2 Aprili

Dada,

Shikamoo, na nisamehe. Sikukusudia kukukera. Tulikuwa na mitihani, kisha homa ikanilaza siku nne. Sasa ni mzima.

Nimeyasoma yote mawili mara nyingi. Lile la vidole si la mtu anayeibiwa. Mwizi humo ni vidole vyake mwenyewe, na nyumba ni yake mwenyewe. Nahisi ni uzee: mtu anajiona mgeni ndani ya alichokijenga. Toni yake ni ya hofu, tena hofu ya chini chini, ya mtu asiyetaka isikike.

Hili la pili ni shairi la mapenzi, sitakudanganya. Sauti ni taa, giza ni upweke, bega ni mwenzi wa kuzeeka naye. Ni sitiari za kawaida, lakini zimekaa vizuri. Baba yetu anampenda mtu. Hilo si kosa, Dada, hata kama linauma.

Nakuomba usifanye lolote. Muulize yeye. Keti naye, mkiwa wawili tu, umuulize. Shairi halitoshi kuwa ushahidi.

Kuhusu swali langu la mwandiko, tutazungumza siku moja.

Mdogo wako


5 Aprili

Mwalimu,

Sijapata jibu lako, nimechoka kungoja. Tuko wazima.

Jana nilikwenda kwa Baba siku ambayo si yangu, Ijumaa. Karani alikuwa jikoni anapanga vikombe, vishikio vyote vikitazama upande mmoja, kama askari. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Nikasema, "Mama, naomba uende kwako."

Akasema, "Ngoja nimalizie hivi, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Na hii si nyumba yako. Naona mmeshafika kwenye bahasha, bado kitanda tu."

Akaweka kikombe taratibu. "Binti, mimi nimeandika maneno ya watu mahakamani miaka thelathini. Sijawahi kuongeza hata nukta. Unachotaka kujua, muulize mwenyewe. Yupo hapo."

Nikamgeukia Baba. "Haya. Ni nini kinaendelea humu?"

Baba hakunitazama. Aliangalia dirishani, midomo imebana. Saa za ukutani zikagonga, wajua zilivyo, kila moja kwa wakati wake. Mwisho akamwambia yule mama, "Nenda tu. Usijali."

Akaenda. Mlangoni alinigeukia akasema, "Tarehe kumi na nne usisahau," nami nikamwambia sihitaji kalenda yake. Nimebadili kufuli. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine Baba. Nitakuwa namletea chakula asubuhi kabla ya kazi.

Baba hajanisemesha tangu jana. Afadhali kununiwa kuliko kuibiwa.

Nilipata duka lenye mashine ya kunakili, nikatoa nakala ya daftari zima. Nakuwekea humu. Uniambie kama kuna mahali anapotaja hati.

Dada


19 Aprili

Dada,

Leo salamu zitanisamehe. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi na kumwapisha akuletee mpaka mezani pa cherehani.

Barua yako imenifikia jana. Nikaketi na nakala ya daftari, nikafanya ninachowafundisha watoto kila mwaka na ambacho mimi mwenyewe sikukifanya, kwa sababu ulinitumia mashairi mawili mawili nami nikajifanya najua. Nilichukua karatasi nikaigawa: picha za macho upande huu, za masikio upande huu, za mkono na pua huku. Nikaanza ukurasa wa kwanza.

Mashairi kumi na moja ya mwanzo yamejaa macho. Nguo, jua jekundu, kutu ya lango, weupe wa chumvi. Kisha mwandiko wa Baba unaanza kupanda na kushuka, mistari inapandana. Kwenye daftari utaona amekatiza neno juu ya neno. Hapo rangi zinapungua. Kuna "weupeweupe" na "kama moshi". Halafu unaingia mwandiko ule wima, na kuanzia hapo mpaka mwisho, mashairi tisa, hakuna picha hata moja ya jicho. Hata moja, Dada. Birika linanung'unika, sandali zinasikika, vidole vinapapasa ngazi, mkate unajulikana kwa harufu. Anaijua mvua kwa bati.

Nilikuambia sauti ni taa ni sitiari. Nilikuambia giza ni upweke. Nimesomea kazi hii miaka minne na kuifundisha tisa, na mtu aliposema jambo lililo wazi kabisa mimi nikamtafutia maana iliyojificha.

Baba haoni.

Hakukupita barabarani kwa dharau. Hakufunga kibanda kwa kuchoka. Yule mama amemwandikia kwa sababu hawezi kuandika, na amempangia vikombe ili mkono wake uvipate. Nenda leo. Usingoje asubuhi. Na uulize tarehe kumi na nne ilikuwa ya nini.

Sasa langu. Septemba iliyopita nilipata barua kutoka nyumbani kwa mwandiko huo huo wima. Ilikuwa fupi, na mwisho imeandikwa "Baba yako". Sikuijibu. Nilidhani umeiandika wewe kwa kugeuza mwandiko, au umemwandikisha mtu. Ndiyo maana nilikuuliza.

Nenda kwanza. Kisha unichape.

Mdogo wako


28 Aprili

Mwalimu,

Dereva alinikuta kwenye cherehani tarehe ishirini na moja, alfajiri. Nilisoma nimesimama, na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Nilikwenda mbio hata mkoba sikubeba.

Nilimkuta Baba jikoni sakafuni, ameegemea kabati, mkono wa kushoto ameutumbukiza kwenye ndoo ya maji. Alikuwa amejimwagia birika. Mimi ndiye niliyelihamisha, Mwalimu. Katika zile siku kumi na saba za kumpikia kwa fahari, nilivirudisha vyombo vyote mahali alipoviweka Mama, ili nyumba iwe yetu tena.

Nikachuchumaa mbele yake, sikusema neno. Akageuza uso, si kwangu, upande wangu tu. Akasema, "Karani?"

Nikasema, "Ni mimi, Baba."

"Basi umejua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenihamishia kwako siku hiyo hiyo. Nikae na cherehani yako, unilishe kwa kijiko, uniambie nisiguse hiki nisiguse kile. Nilitaka kwanza nijifunze nyumba yangu."

"Na siku ile nilipomfukuza yule mama? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na hasira. Mwenye hasira haambiwi jambo la huruma. Atalihurumia vibaya."

Bahasha ya kaki ilikuwa pale pale chini ya kitambaa. Ni ya hospitali. Presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha tangu mwaka jana. La kulia lilikuwa limebakiza upenyo, kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo, na tarehe kumi na nne Aprili alikuwa apasuliwe ili huo upenyo usizibe. Karani ndiye aliyekuwa ampeleke. Mimi nilibadili kufuli tarehe nne.

Mkono umefungwa, utapona. Kwa jicho tumempeleka hospitali. Daktari ni mwanamke mdogo, anaongea huku anaandika. Nikamuuliza, "Zile siku saba za kuchelewa zimeharibu?" Akasema upenyo umekuwa mdogo kuliko ulivyopimwa mwezi wa pili. Hakusema ni zile siku saba. Hakusema pia kwamba si zile. Nimekuwa nikiligeuza jibu lake kila siku kama shati lisilo na upande wa ndani. Wamempa siku nyingine, tarehe sita Mei.

Nilikwenda kwa Karani. Nilibisha, nikasikia hatua zikija mpaka mlangoni zikasimama. Hakufungua. Nikasema kupitia ubao, "Mama, nimekuja kuomba radhi." Nikasema, "Nilikutukana kwa jambo ambalo sikulijua." Nikasema, "Baba ameungua." Hapo mlango ukafunguliwa kabla sijamaliza neno.

Alinisikiliza nimesimama, hakunikaribisha kiti, na sikustahili. Kisha akasema, "Radhi yako nimeisikia. Lakini umejuaje haya? Ulilisoma daftari lake?"

Nikasema ndiyo. Mimi na mdogo wangu.

"Anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi mkamwambie. Mimi sitakaa naye mezani najua jambo linalomhusu ambalo yeye halijui. Nimeona kesi nyingi zilizoanza hivyo."

Sijamwambia bado. Naogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote.

Na wewe! Miezi saba barua ya Baba imelala kwako! Mimi angalau nilikosea kwa kusogea. Iko wapi? Ilisemaje? Usinijibu kwa sitiari.

Dada


7 Mei

Dada,

Shikamoo. Ninaandika siku moja baada ya upasuaji bila kujua umekwendaje. Naomba Mungu awe amewashika nyote.

Barua hii hapa, yenyewe, si nakala. Utaona ni mistari minne: "Mwanangu. Nimeanza kuandika. Huku hakuna anayejua mambo hayo. Njoo unisomee. Baba yako."

Nikuambie jinsi nilivyoisoma mimi. Unakumbuka mwaka ule kabla Mama hajaugua, uliponiandikia kwamba Baba yuko mahututi, nikasafiri siku mbili, nikamkuta anakula muwa mlangoni? Ulitaka tu tukae kikao. Ulicheka, na mimi nikacheka, lakini sikusahau. Kisha kwenye mazishi Baba aliniambia mbele ya wajomba kwamba nimekwenda kujifunza kusoma mioyo ya watu wa vitabuni na sikuusoma wa mama yangu. Nikaondoka asubuhi yake. Kwa hiyo ilipokuja barua kwa mwandiko nisioujua, inasema Baba anaandika, Baba anataka nimsomee, niliona ni moja kati ya mawili: ama ni mtego wako, ama ni dhihaka yake. Nikaitia kwenye kitabu, nikafunga kitabu.

"Njoo unisomee." Nilidhani anataka niyatolee maoni mashairi yake, kwa kejeli. Alikuwa ananiomba nimsomee kwa sauti, kwa kuwa hawezi kuyasoma. Labda alitaka yote mawili. Sijui. Neno moja tu, nami ndiye mtaalamu wa maneno.

Usilibebe peke yako lile la siku saba. Ningekuja Septemba, huenda jicho la kulia lingepasuliwa likiwa dirisha, si tundu la ufunguo.

Mwambie kuhusu daftari. Mwambie na yangu. Ukitaka, msomee barua zangu zote, hata ile ya kujigamba. Shule inafungwa tarehe thelathini.

Mdogo wako


18 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Binti anakusalimu, shemeji yako mgongo umetulia kwa kuwa sasa kuna mgonjwa mwingine.

Upasuaji ulikwenda salama. Kilichobaki kimebaki. Anaona mkono ukipita mbele ya dirisha, anaona kama mlango uko wazi. Daktari anasema tusiombe zaidi, tulinde hicho. Matone asubuhi na jioni. Mimi asubuhi, Karani jioni. Ndiyo, amerudi, lakini bado ananiita "Binti" kwa ile sauti ya mahakamani. Vikombe amevipanga upya. Sigusi.

Jumapili nilimwambia. Tulikuwa watatu, Baba, Karani na mimi. Nikasema, "Baba, nililichukua daftari lako, nikamtumia mwanao, akalichambua." Nilitaraji anifukuze. Alisukuma kikombe chake kando taratibu. Kisha akauliza, "Alisemaje?"

Si "kwa nini ulichukua". Alisemaje.

Nikazileta barua zako, nikasoma zote. Niliposoma kwamba shairi la kwanza lilikuwa zuri kuliko ulivyotarajia, akainua kidevu. "Alitarajia nini?" Niliposoma ile karatasi yako ya macho na masikio, aliniomba nirudie mara mbili. Akasema, "Sikujua kama yameondoka yote. Nilidhani nimeacha jua mahali." Hapo Karani alisimama akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Nilisoma pia la Septemba. Hilo lilimkaa. Alipapasa ile barua yake ya mistari minne, akaikunja, akaiweka mfukoni. Alisema tu, "Nami nilimwambia neno baya kwenye mazishi. Barua ingeanzia hapo."

Sasa lile la sauti na taa. Nilisoma kwanza pale uliposema ni la mapenzi, kisha pale uliposema umekosea, kwamba ni mtu asiyeona anayesema kweli tupu. Karani alikuwa amesharudi na maji yake. Nikamtazama. Akasema, "Mimi huandika ninachosemewa," na akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

Mimi nawe wanijua, siwezi kulala na swali. Nikauliza, "Baba, basi lipi ni kweli? Ni la mapenzi au si la mapenzi?"

Baba alicheka. Sijamsikia akicheka tangu Mama. Akanyoosha mkono mezani, akakosa kikombe, akaugusa mkono wa Karani, na wote wawili hawakuiondoa.

"Mwambie Mwalimu," akasema, "hakukosea hata mara moja kati ya zile mbili."

Dada yako